Mbegu ya mume nayo hulelewa: tusimhukumu mke kabla ya kipimo

Ndugu msomaji, leo tumekusudia kuzungumza jambo ambalo wengi wetu hulionea haya, nalo ni uzazi wa mwanamume. Tutalizungumza kwa adabu, kwa lugha ambayo baba anaweza kuisoma mbele ya watu wa nyumbani kwake, kwani haya inayomzuia mtu kuujua mwili wake na kuutibu si ile haya iliyosifiwa katika dini yetu.

Sababu ya kulileta jambo hili ni kwamba katika vikao vya usuluhishi wa ndoa, ambavyo sisi masheikh huitwa kuviongoza, shauri la kukosa mtoto huja karibu siku zote kwa sura moja. Mume na mke wamekaa miaka mitatu, minne au zaidi. Mke amepelekwa kwa madaktari, amenyweshwa mizizi, amesomewa, na mawifi wamekwisha kumsema mpaka wamechoka. Ukiuliza kama mume naye amepimwa, kikao chote hunyamaza. Mwenyewe hujibu kuwa yeye ni mzima na nguvu zake anazo. Kisha hutajwa talaka, au mke wa pili. Na mara nyingine huyo wa pili naye hupita miaka bila ya mimba, akawa mshtakiwa mpya katika kesi ile ile ya zamani.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi Aprili mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo la kupata mtoto katika umri wake. Madaktari wa uzazi nao wanakubaliana kwamba katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hili, upande wa mume una mchango, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Kwa hiyo anayempeleka mke peke yake kwenye vipimo anaiacha nusu ya nyumba bila ya kupekuliwa.

Ili tufahamu kwa nini mwanamume mwenye afya na nguvu anaweza kuwa na upungufu wa mbegu naye hana habari, hatuna budi kuingia ndani kidogo, tutazame jinsi mbegu inavyozaliwa, inavyolishwa na inavyolelewa.

Nguvu si mbegu

Tuanze na maneno tunayoyatumia. Neno "tasa" katika lugha yetu humwelekea mwanamke. Neno "mgumba" linamfaa mume na mke, lakini midomoni mwetu huishia kumwangukia mke. Mwanamume tumemwekea neno "hanithi", nalo lina maana ya asiyeweza tendo la ndoa. Matokeo yake ni kwamba mwanamume asiyekuwa hanithi hudhani amekwisha kuthibitishiwa uzazi wake.

Haya ni mambo mawili mbalimbali, na hata katika maumbile yamewekwa mahali mbalimbali. Korodani imejaa mirija myembamba mamia kwa mamia, iliyokunjwa kunjwa, na mmoja hauzidi sana unene wa unywele. Humo ndani ya mirija ndimo mbegu zinamozaliwa. Nje ya mirija, katika nafasi zilizobaki, zimo seli nyingine ambazo mtaalamu wa Kijerumani Franz Leydig alizieleza mwaka 1850. Hizo ndizo zinazotengeneza homoni ya testosteroni, ambayo humpa mwanamume sauti nzito, ndevu, misuli na matamanio. Seli za Leydig zinaweza kufanya kazi yake barabara, mwanamume akawa na kila alama ya uanaume, ilhali ndani ya mirija hakuna kinachozaliwa. Aidha, sehemu kubwa ya manii ni majimaji yanayotoka katika tezi nyingine, hivyo hata wingi wake kwa macho haukuonyeshi kama mbegu zimo au hazimo.

Mbegu zenyewe hazikuonekana na jicho la mwanadamu mpaka mwaka 1677, pale Antoni van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea hadubini kwa mikono yake, alipoziona zikiogelea akaiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London. Aliandika kwa haya na tahadhari, lakini aliandika, na elimu ikasonga mbele.

Mlezi aliyefichwa

Mwaka 1865 kijana wa Kiitalia aitwaye Enrico Sertoli, mwenye umri wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa akichunguza mirija ile kwa hadubini akaona seli ndefu zenye matawi, zimesimama kutoka ukuta wa mrija hadi katikati, na mbegu changa zimejipachika katika mikunjo yake kama watoto waliokumbatiwa. Seli hizo zilikuja kupewa jina lake, na wataalamu wengine wakaziita seli walezi. Hawakukosea. Mbegu haizaliwi ikajitegemea. Tangu mwanzo hadi inapoachiliwa, imo mikononi mwa mlezi huyu.

Kwa nini mbegu imehitaji mlezi? Kijana anapobalehe, seli za Sertoli hushikamana ubavu kwa ubavu zikafanya kizuizi imara kati ya damu na eneo zinamokomaa mbegu. Kizuizi hicho kina hekima yake. Askari wa kinga ya mwili walikwisha kuzitambua seli zote za mwili tangu utotoni, lakini mbegu huanza kutengenezwa wakati wa kubalehe, na kama wangezikuta wangeziona ni wageni wakazishambulia. Kizuizi kinazilinda pia na baadhi ya sumu zinazopita katika damu.

Lakini ukimfungia mtoto chumbani ili asalimike, ni lazima pawe na mtu wa kumpelekea chakula. Mishipa ya damu haiingii ndani ya mirija. Hewa ya oksijeni inayofika humo ni kidogo, na mbegu zilizo nyuma ya kizuizi hazipati chakula moja kwa moja kutoka katika damu. Kila kinachowafikia kimepita katika mikono ya mlezi.

Chakula kilichotafunwa

Hapa ndipo tunapofika kwenye kile wataalamu wanachokiita umetaboli, yaani kazi ya seli kuvunja chakula ili ipate nguvu na malighafi ya kujijenga. Seli nyingi za mwili huchukua sukari ya glukosi kutoka katika damu, zikaivunja nusu, kisha zikaimaliza kuichoma kwa oksijeni katika vijitanuri vidogo viitwavyo mitokondria. Nguvu nyingi hupatikana katika hatua hiyo ya mwisho. Ile hatua ya kwanza hutoa sehemu ndogo tu.

Seli ya Sertoli hufanya jambo la ajabu. Huchukua glukosi kwa wingi, ikaivunja ile hatua ya kwanza tu, na sehemu kubwa ya kilichobaki haikichomi kwa faida yake. Hukigeuza kuwa laktati, kitu kile kile kinachojazana katika misuli ya mtu aliyekimbia sana, kisha hukitoa nje kupitia milango maalumu na kuwapa mbegu changa walio kifuani mwake. Mbegu hao hukipokea kupitia milango yao, wakakiingiza katika mitokondria zao na kukichoma. Kwa maneno mengine, mlezi anatafuna chakula kigumu, na mtoto anakula kilicho laini.

Jambo hili si dhana. Mwaka 1981 watafiti wa Uholanzi walizitoa mbegu changa za panya kutoka kwa walezi wao na kuzitunza peke yake katika maabara. Walipozipa glukosi tupu, hazikuweza kuendesha shughuli zake ipasavyo. Walipozipa laktati, zilifanya kazi. Chakula bora kilikuwapo mezani, ila hazikuwa na meno ya kukitafuna.

Basi mlezi mwenyewe anaishi kwa nini, ikiwa chakula kizuri amekitoa? Wataalamu wameona kwamba kati ya mbegu changa zinazoanzishwa, nyingi hufa kabla ya kukomaa, na hata zinazokomaa hutupa mabaki ya mwili yasiyohitajika. Seli ya Sertoli huyameza mabaki hayo yote, huyavunja, na huyachoma mafuta yaliyomo ili ipate nguvu za kuishi. Hivyo husafisha nyumba na kujilisha kwa wakati mmoja. Wangapi kati yetu tumelelewa na mama aliyekwangua ukoko wa sufuria baada ya watoto kushiba? Mwenyezi Mungu ameuweka mfano huo ndani ya mwili wa mwanamume, mahali ambapo hata mwenyewe hapaoni.

Kila umri na chakula chake

Chakula cha mbegu hubadilika kwa kadiri inavyokua. Seli mama za mbegu, zilizo kwenye ukuta wa mrija nje ya kizuizi, ziko karibu na damu, nazo hutegemea zaidi glukosi. Zikishagawanyika na kuvuka kizuizi, hutegemea laktati ya mlezi. Zinapokomaa huvua karibu mwili wote, zikabaki na kichwa kilichobeba urithi wa baba, shingo iliyozungushiwa mitokondria, na mkia wa kuogelea. Kuanzia hapo hutumia njia zote mbili: mitokondria ya shingoni, na uvunjaji wa sukari unaofanyika katika mkia wenyewe.

Korodani imepewa hata vimeng'enya vyake maalumu kwa kazi hii. Mwaka 1963 wanasayansi Blanco na Zinkham, na katika mwaka huo huo Goldberg, waligundua namna ya kimeng'enya cha laktati ambacho ni cha mbegu za kiume, tofauti na vile vya misuli na moyo. Mwaka 2008 watafiti walichapisha habari za panya dume waliokosa kimeng'enya hicho tangu kuumbwa. Mbegu zao zilikuwapo na umbo lake lilikuwa zuri, lakini hazikuwa na nguvu ya kuogelea ipasavyo, na madume hao wakashindwa kuzalisha kama kawaida. Hapa pana funzo: mtu anaweza kuwa na mbegu nyingi, kumbe hazina nguvu za kusafiri.

Upo na mfano uliowapata binadamu. Katika miaka ya 1950 huko China, ilionekana kwamba katika baadhi ya vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba ndoa nyingi hazikupata watoto. Ilikuja kujulikana kuwa pamba ina sumu ya asili iitwayo gosipoli, na katika maabara sumu hiyo huzuia vimeng'enya kadhaa, kikiwamo kile cha mbegu za kiume. Katika miaka ya 1970 ilijaribiwa kwa maelfu ya wanaume wa Kichina kama dawa ya uzazi wa mpango, ila wengine walishukiwa madini ya potasiamu mwilini, na baadhi hawakurudi katika uzazi hata baada ya kuiacha. Jaribio likatupwa. Sisi wenye pamba ya Kanda ya Ziwa tusiingiwe na hofu, kwani mafuta yaliyosafishwa vizuri kiwandani huondolewa sumu hiyo. La kuzingatia ni kwamba wanaume wale wa vijijini walikuwa wazima na wenye nguvu, na kilichovurugika kilikuwa ndani kabisa, mahali pasipoonekana.

Miezi miwili na nusu

Tangu seli mama inapoanza safari mpaka mbegu kukamilika ndani ya mrija, hupita takriban siku 74, kama watafiti Heller na Clermont walivyopima katika miaka ya 1960. Vipimo vya karibuni vimeonyesha kuwa kwa baadhi ya watu huwa pungufu kidogo ya hapo. Kisha mbegu hupita siku kadhaa zaidi katika mrija ulio nyuma ya korodani, ambako hujifunza kuogelea. Mwanamume mzima hutoa makumi ya mamilioni ya mbegu kila siku, lakini za leo ni matunda ya maisha yake ya miezi miwili na nusu hadi mitatu iliyopita.

Tunaomba msomaji alishike jambo hili kwani lina faida kubwa. Aliyeugua homa kali mwezi wa Rajab anaweza kupimwa Shaaban akakutwa na upungufu, naye amekwisha kupona na kusahau. Akipimwa tena baada ya miezi mitatu, hali huweza kuwa nyingine. Vile vile aliyeacha leo lenye madhara asitazamie badiliko wiki ijayo. Mkulima hafukui shamba kila asubuhi kuangalia kama mbegu imeota, bali hupalilia na kusubiri.

Yanayomsumbua mlezi

La kwanza ni joto. Korodani zimewekwa nje ya tumbo ili ziwe na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na mishipa inayopeleka damu imezungukwa na mishipa inayoirudisha, ili damu ipoe kabla ya kufika. Joto likizidi, seli huhitaji oksijeni zaidi mahali ambapo tayari ni chache, na mbegu changa huanza kufa. Waokaji mikate, wachomeleaji vyuma na madereva wa safari ndefu wamehusishwa katika tafiti na upungufu wa aina hii. Kompyuta iliyopakatwa mapajani kwa saa nyingi nayo hupandisha joto la sehemu hizo.

La pili ni mishipa iliyovimba ndani ya mfuko wa korodani, aghalabu upande wa kushoto. Hali hii huonekana kwa wanaume takriban 15 katika kila 100, na kwa wenye tatizo la uzazi hufika 35 hadi 40. Wengi wao huzaa bila ya shida, lakini kwa wengine damu hutuama, joto hupanda, na malezi huharibika. Daktari huitambua kwa kupapasa, na upasuaji wake ni wa kawaida.

La tatu ni kisukari na unene uliozidi. Mlezi anayeishi kwa kushughulika na sukari hawezi kusalimika pale mwili unapopoteza mizani ya sukari. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Beira Interior cha Ureno walionyesha kwamba seli za Sertoli za binadamu zikinyimwa insulini katika maabara, hupunguza kutengeneza laktati. Kwa hiyo mume mwenye kisukari anayekunywa dawa zake, akapunguza sukari na akatembea, analinda pia uzao wake.

La nne ni sigara, na pamoja nayo dawa za kujenga misuli. Sigara huongeza sumu za oksijeni zinazozikwangua mbegu. Ama hizo sindano na vidonge vya testosteroni vinavyouzwa kwa vijana wa mazoezi, madhara yake ni kinyume na wanavyotarajia. Tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni mbili. Moja huiamuru seli ya Leydig itengeneze testosteroni, nyingine huiamuru seli ya Sertoli ilee, na miongoni mwa kazi zake ni kuihimiza itoe laktati. Testosteroni ya dukani ikijaa katika damu, tezi hudhani kazi imekwisha, ikanyamaza. Mlezi hukosa amri, mirija huwa mitupu. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti ambamo sindano za testosteroni za kila wiki zilitumiwa kuzuia uzazi wa wanaume, na zilizuia kweli. Kijana anayedunga ili aonekane dume anajifungia mlango wa ubaba, na kufunguka kwake huchukua miezi mingi.

La tano linawahusu wazazi. Kati ya watoto wa kiume 100 waliozaliwa kwa muda kamili, 1 hadi 4 huwa na korodani ambayo haijashuka. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo. Ikifika miezi 6 haijashuka, mtoto apelekwe kwa daktari, na upasuaji ufanyike kabla hajapita miezi 18, kwa sababu joto la tumboni huanza kuwaharibu walezi na mbegu mapema. Mwaka 1999 watafiti walipoingiza laktati katika korodani za panya zilizokuwa na tatizo hilo, uzalishaji wa mbegu ulipata nafuu, dalili kwamba njaa ilikuwa sehemu ya maradhi. Mama anayemwogesha mtoto atazame, na anayetahiri naye atazame, maana tohara ni nafasi nzuri ya kuliona jambo hili.

Na mtoto au kijana anayelalamikia maumivu makali ya ghafla ya korodani asiambiwe avumilie hadi kesho. Huenda korodani imejisokota na damu imekatika. Seli zilizonyimwa oksijeni na chakula hazina subira. Kila baada ya saa chache nafasi ya kuiokoa hupungua, na ikipita saa 6 hatari ya kuipoteza huwa kubwa. Vijana wengi huficha kwa kuona haya. Baba amzoeze mwanawe kusema.

Kipimo na sheria

Kipimo cha manii ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyopitia mke. Hufanywa baada ya kujizuia kwa siku 2 hadi 7, na kikionyesha upungufu hurudiwa, kwani kimoja hakitoshi kuhukumu. Katika mwongozo wake wa mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha chini cha rejea kuwa mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Aliye chini ya hapo si kwamba hawezi kuzaa kabisa, ila nafasi yake ni ndogo na anahitaji daktari. Hata waliokuwa na mbegu chache mno wamefunguliwa mlango tangu mwaka 1992, pale mbinu ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai ilipotangazwa huko Brussels.

Wapo wanaoogopa upande wa dini. Wanazuoni wameruhusu kutoa manii kwa ajili ya kipimo kwa kuwa ni haja ya tiba, na njia bora ni kwa msaada wa mke. Anayepanga kupima mwezi wa Ramadhani asifanye mchana akaharibu saumu yake. Na kuhusu kutungishwa mimba kwa msaada wa madaktari, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Amman mwaka 1986 liliruhusu panapokuwa na haja, kwa sharti kwamba mbegu ni ya mume, yai na tumbo ni vya mkewe, na ndoa yao ipo. Akiingia mtu wa tatu, haijuzu.

Tukirudi katika Kitabu chetu, Qur'ani imeeleza katika Surat Al-Insan kwamba mwanadamu ameumbwa kutokana na tone lililochanganyika, na wafasiri wengi wamesema ni mchanganyiko wa mume na mke. Katika Surat Ash-Shura tumeelezwa kwamba Mwenyezi Mungu humpa amtakaye mabinti, humpa amtakaye wana, na humfanya amtakaye asizae, na hapo hakumtaja mwanamke peke yake. Nabii Zakariya (a.s.) aliyeomba mtoto uzeeni alianza kwa kutaja udhaifu wa mifupa yake na mvi za kichwa chake kabla ya kumtaja mkewe. Mtume wa Mwenyezi Mungu alitaja upungufu wake mwenyewe mbele ya Mola wake. Sisi tuna kiburi gani mbele ya daktari?

Kwa hiyo, ndugu mume, ikiwa mwaka mzima umepita bila ya mimba, nendeni pamoja, na wewe tangulia kupimwa. Ukikutwa na upungufu, haukukuondolea uanaume wala heshima. Umejua tu kwamba ndani yako kuna walezi wanaohitaji kusaidiwa, na sasa una pa kuanzia. Mama mkwe na mawifi, zuieni ndimi zenu, kwani kumsingizia mtu lisilothibitika ni dhulma. Nawe mke, mume wako akipata majibu mazito, msitiri kama ambavyo ungependa usitiriwe. Na wasuluhishi wenzetu, lisipokelewe shauri la talaka kwa sababu ya kukosa mtoto kabla majibu ya wote wawili hayajawekwa mezani.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leo tumejua kwamba malezi hayo huanza kabla hata ya mimba kutungwa, katika mwili wa baba. Tunamwomba Mwenyezi Mungu aziruzuku nyumba zisizo na watoto kizazi chema, na azipe subira na mapenzi zile ambazo kwa hekima yake hakuziandikia. Wabillahi tawfiq.